Mtoto Wangu Ana Jina Nisiloweza Kulitamka

Kwako Bi Habsa wa ukurasa wa ushauri,

Salaam aleikum. Mpendwa mshauri wangu, kabla sijafungua moyo naomba uisome hii barua mpaka mwisho ndiyo ukasirike, kwa sababu najua hukasirika, nimekusoma tangu nilipomaliza masomo ya ngumbaru na niliona vile ulimjibu yule bwana aliyeuza ngamia wa mke wake, nikasema huyu mama hana mchezo, lakini pia nikasema huyu ndiye ninayemtaka, maana mtu wa kunibembeleza ninaye tayari, ni dada yangu, na kubembeleza kwake hakujanisaidia kitu.

Mimi ni mama wa watoto watatu walio hai, nakaa Chechelesi hapa Isiolo, bwanangu ni mfanyabiashara wa mifugo, huenda Oldonyiro kununua mbuzi akarudi, akakaa siku mbili akaenda tena. Ni mtu mzuri, hanipigi, hana makelele, na ndiyo sababu naogopa zaidi, kwa sababu mtu wa makelele unajua hasira yake inaishia wapi, lakini ya huyu wangu sijawahi kuiona hata mwanzo.

Sasa Bi Habsa, wewe umekaa na sisi Waborana unajua, mwanamke akiolewa hataji jina la bwanake wala la baba mkwe wake. Hakuna mahali imeandikwa, ni adabu, umekua ukiona mama yako hataji, nyanya yako hataji, na siku yako ikifika mdomo unajifunga wenyewe. Ukiwa na shida ya ofisi unaenda na mtu wa kukutajia. Mimi mtu wangu alikuwa Abiba, dada ya bwanangu, kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumba ile, anaweza kutaja jina la baba yake na la kaka yake bila neno. Tulikuwa tunaenda naye kila mahali, kwa chifu, hospitali, kila mahali, mimi nasimama, yeye anasema.

Baba mkwe wangu alifariki katika ule ukame mbaya, mwaka mmoja baada ya mimi kuolewa. Alitoka Kinna na ng'ombe kutafuta malisho, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja, na mwishowe akaanguka yeye mwenyewe njiani, wenzake wakamzika haraka haraka wakaendelea kwa sababu maji yalikuwa bado mbali, na waliporudi baada ya mvua hawakupajua tena mahali pale, nyasi zilikuwa zimeota kila upande na mawe ni yale yale. Kwa hiyo mzee hana kaburi. Na ile mvua ilipokuja ilikuja kweli kweli, na mimi nikajifungua mtoto wa kiume wiki hiyo hiyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza ataitwa nani. Wazee walikaa, buni zikakaangwa kwa samli, dua ikasomwa, akapewa jina la babu yake. Mama mkwe wangu, ambaye sisi tunamwita Akko, yaani nyanya, alilia mpaka akashikwa mikono, akasema, "Sasa mzee amepata mahali pa kukaa."

Toka siku hiyo sisi wawili, mimi na Akko, ndio watu tusioweza kumwita huyo mtoto kwa jina lake, yeye kwa sababu ni jina la bwanake na mimi kwa sababu ni jina la baba mkwe wangu. Yeye anamwita Mzee Wangu. Mimi namwita Abbo, yaani baba. Maana ya jina lenyewe siijui mpaka leo, usinicheke, kwa sababu ili uulize maana ya jina lazima kwanza ulitaje.

Mtoto akiwa na miezi mitatu ikabidi apelekwe kliniki kuchanjwa. Bwanangu alikuwa Oldonyiro. Abiba ndiye alikuwa aje na mimi, lakini asubuhi hiyo nikamkuta amejifunika blanketi mbili anatetemeka na malaria, akaniambia twende wiki ijayo, na mimi nikasema hapana, surua iko mtaani, watoto wa watu wanakufa, wacha niende tu, Mungu atajua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalijua.

Kliniki ilikuwa imejaa, mvua inapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele. Na kila mwanamke mwenye mtoto wa kiume akifika mezani akiulizwa jina anasema Roba, kwa sababu kwetu Roba ni mvua, na mtoto wa mvua ataitwa nani kama si Roba, na mwaka huo tulikuwa tumeililia hiyo mvua mpaka macho yakakauka. Nilisikia Roba, nikasikia Roba tena, sista anaandika huku anacheka peke yake, anasema leo sina haja ya kuuliza. Nikafika mimi.

"Mtoto anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

"Mama, nimeuliza mtoto anaitwa nani?"

Nyuma yangu alikuwa jirani yangu Mumina, akasema, "Sista, baba yake ni fulani," akataja jina la bwanangu, vile wanawake wa kwetu husaidiana, lakini la mtoto hakulijua kwa sababu sherehe ilifanyika Kinna na yeye ni mtu wa hapa mjini. Sista akaandika la baba, akainua kichwa.

"Na la mtoto? Miezi mitatu na hana jina?"

"Analo," nikasema.

"Basi sema, mama, watu wako kwenye mvua."

Bi Habsa, nakuapia nilifungua mdomo. Nilifungua, nikahisi herufi ya kwanza iko kwenye ulimi, na nikamwona Akko vile alivyolia, na koo langu likakataa, nikabaki nimeachama mbele ya watu. Sista akanihurumia, nafikiri alinihurumia, akauliza polepole, "Ama huyu pia ni Roba?"

Watu wakacheka. Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo tu. Sikusema neno. Niliitikia kwa kichwa mara moja na ikaandikwa. Nikajiambia ni kadi ya sindano tu, nani atasoma, Abiba akipona tutarudi abadilishe. Abiba akapona, nikaona aibu kumwambia. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mtoto akafika umri wa shule, bwanangu akiwa safarini tena, mwalimu akaitisha kadi ya kliniki, akanakili vile ilivyo, hata hakuniuliza kitu, na mimi nikashukuru Mungu kwamba hakuniuliza, fikiria ujinga huo.

Siku ya kwanza akarudi nyumbani analia. "Mama, mwalimu ameita Roba, Roba, mimi nimenyamaza, kumbe ni mimi. Amenichapa." Na mimi badala ya kusema ukweli nikamwambia, itika, hilo ni jina la shule, wengine pia wako nalo, lakini baba usimwambie, wala Akko. Alikuwa na miaka sita. Ametunza hiyo siri mpaka leo. Bwanangu hajui kusoma, kila muhula anamwambia mtoto amsomee ripoti, na mtoto anasoma kila kitu isipokuwa mstari wa juu, anaanzia hisabati. Mwaka jana bwanangu akaweka kidole juu ya karatasi akauliza, "Na hapa wameandika nini?" na mtoto akasema, "Jina langu, baba." Akanitazama mimi. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Sasa yuko darasa la nane. Mwalimu mkuu ametuita wazazi akasema fomu za mtihani zinajazwa mwezi huu na zinaondoka tarehe thelathini, na jina litakaloandikwa ndilo litakuwa kwa cheti, ndilo litakuwa kwa kipande, yaani kitambulisho, ndilo ataoa nalo na kufa nalo, halibadiliki tena kirahisi. Bwanangu alikuwepo. Alifurahi mpaka akamshika mwalimu mkono kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani akamwambia Akko kwamba jina la mzee sasa litakuwa la serikali. Akko macho yameisha, haoni, anasikia tu. Akasema, "Siku majina ya waliopita mtihani yatakaposomwa mnibebe mpaka shuleni. Nataka nisikie watu wasiotujua wakimwita bwanangu."

Na si hayo tu. Bwanangu amemwita ndugu yake Diba, ambaye ni karani huko Meru, aje Jumamosi kabla ya hiyo tarehe thelathini aikague fomu, kwa sababu anasema makarani wa shule huandika vibaya majina ya Kiborana. Diba anasoma. Diba anasoma hata maandishi ya chupa ya dawa. Akiiona hiyo fomu amenimaliza.

Nikisikia mtu anabisha naruka. Nawaza, watasema nilikataa jina la mzee makusudi, nilimzika mara ya pili na safari hii nikampoteza kabisa. Na kuna jambo lingine sijamwambia mtu, hata dada yangu. Baada ya huyu nilizaa mvulana mwingine, akafa na surua akiwa na mwaka mmoja, na waliofuata wote wawili ni wasichana. Huwa najiuliza kama ni mimi. Kama ni ile kuitikia kwa kichwa.

Dada yangu anasema niseme sista alikosea, ni zamani, hayuko tena hapa, hawezi kukataa. Mara nafikiria niende Kinna kwa mama yangu nikae huko mpaka kelele ziishe, mara nafikiria nimwambie mtoto ajaze fomu mwenyewe apendavyo, liwe lake. Bi Habsa, nifanye nini, na tafadhali nijibu kabla ya huyo Diba kufika.

Ni mimi,
Mama wa mtoto mwenye majina mawili, Chechelesi.

Nimesahau. Utajibu vipi bila kulijua? Jina lenyewe ni Yattani. Nimeliandika nikiwa nimefunga mdomo. Sijui kama kuandika ni kutaja.

*

BI HABSA ANAJIBU

Mama mpendwa, aleikum salaam.

Kwanza kunywa chai. Jina ulilosoma hapo juu mwishoni mwa barua yako si la baba mkwe wako. Nimeliondoa, nimeweka jingine la kuazima, na Diba, Abiba na Mumina hawaitwi hivyo pia. Roba nimemwacha alivyo. Nikisema Isiolo kuna kijana wa darasa la nane anaitwa Roba, nimemficha vizuri kuliko nikimtia kwenye gunia. Dukani kwangu nikiita Roba hugeuka vijana watatu na mzee mmoja. Kila mwaka na majina yake, mama. Mwaka wa mvua mnazaa akina Roba, mwaka wa kiangazi mnazaa akina Bonaya, na mwalimu wa shule mwenye kuwatenganisha anajijua mwenyewe.

Umesema nisome mpaka mwisho ndiyo nikasirike. Nimesoma, na nimekasirika.

Nimekasirika kwa ajili ya mtoto. Miaka minane! Kijana amekaa miaka minane anaruka mstari wa juu wa ripoti yake mwenyewe ili wewe upate usingizi, na wewe unatoka nje kutafuta kuku. Alichapwa kwa kunyamaza siku ya kwanza ya shule, kama vile wewe ulivyonyamaza kliniki, na hapo ndipo ungemkumbatia umwambie, mwanangu, kosa ni la mama. Ukampa uongo aubebe. Na sasa unataka kumwachia fomu aijaze mwenyewe, ili kukiwa na lawama iwe yake? Hapana bwana. Hilo lifute kichwani leo.

La sista pia lifute. Yule mwanamke alikuwa na mstari wa watu wananyeshewa, alikuuliza mara tatu, mara ya nne akakuuliza kwa upole. Aliandika ulichomjibu. Kwa vile amehama hawezi kujitetea, ndiyo umtwishe? Dada yako anakupenda lakini ushauri wake ni mbovu. Na Kinna usiende. Diba atafika Jumamosi uwepo usiwepo, na mke aliyetoroka siku fomu inakaguliwa ameshajihukumu mwenyewe kabla hajaulizwa.

Haya. Hasira imeisha, sasa tuongee.

Yule mtoto wako wa pili aliuawa na surua. Umeandika mwenyewe. Surua haiulizi nani anaitwa nani. Mwaka ule nyumba za hapa mjini zilizika watoto waliokuwa na majina sahihi kabisa, yaliyosomewa dua yote, na mama zao hawakuitikia lolote kwa kichwa. Nakusihi, huo mzigo uweke chini, si wako, na kila siku unayoubeba unamkosea pia yule mtoto aliyekufa, kwa sababu humlilii yeye, unajililia wewe. Mlilie yeye.

Na lile jingine, eti ulikataa jina la mzee. Soma tena barua yako. Ungekuwa hulipendi, ungelitaja pale mezani kama jina lolote, ukachanjiwa mtoto ukaenda zako. Ulishindwa kwa sababu ulikuwa na heshima nyingi kuliko sauti. Uliposimama pale umeachama hukuwa unamdharau baba mkwe wako, ulikuwa unamheshimu mpaka ukampoteza. Ni kosa, sikatai, na ni kosa kubwa, lakini ni kosa la mkwe mwema. Mkwe mbaya hangeweza kulifanya. Maneno hayo hayo ndiyo utakayomwambia bwanako.

Lakini usianze na bwanako. Hapa ndipo nataka unisikilize.

Mimi si Mborana, lakini ni mtoto wa hapa hapa. Babu yangu aliingia Isiolo akiwa askari, na sisi wajukuu wake wa kike na wa kiume tulikaririshwa majina ya mababu kumi kabla hatujajua kufunga viatu. Ukitaja tisa, shangazi yangu Isnino alikuwa na fimbo. Nikakua nikidhani majina ni kazi ya kutaja. Nilipoanza kukaa na wanawake wa Kiborana ndipo nikaona kuna watu wanaolinda jina kwa kulinyamazia. Nilikuwa na rafiki mzee, sasa ni marehemu, alikaa kwenye ndoa miaka arubaini, bwanake akafa, na hata siku ya matanga hakulitaja. Nikamuuliza, hulikumbuki? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Basi fikiria ni nani katika boma lenu anayejua koo likikataa linakataa vipi. Bwanako? Yeye anataja jina la baba yake kila siku akimtuma mtoto maji. Diba? Abiba? Wote ni watoto wa nyumba, mdomo wao uko wazi. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama ulipokuwa umesimama. Ni yule mama asiyeona, ambaye amemwita mjukuu wake Mzee Wangu tangu alipozaliwa. Wewe umekuwa ukimkimbia Akko kwa sababu ndiye utakayemuumiza zaidi. Nami nasema ndiye atakayekuelewa kwanza. Ataumia, ndiyo. Huenda atanyamaza siku nzima. Kaa hapo hapo karibu naye, usiende kutafuta kuku. Mwambie yote, mabati, mvua, kicheko, kichwa. Mweleze vile ulivyofungua mdomo. Halafu mwombe yeye ndiye amwite mwanawe, mkae watatu, umwambie bwanako mbele ya mama yake.

Fanya hivyo kabla ya Jumamosi. Diba asiupate ukweli kwenye fomu. Aukute nyumbani umeshapikwa na kupoa, aje kusaidia badala ya kuja kugundua. Karani akikuta kosa anapiga kelele, akipewa kazi anafurahi. Mpe kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Fomu hazijaondoka, kwa hiyo mlango bado uko wazi. Mwalimu mkuu hatabadilisha jina kwa kuambiwa tu, atataka karatasi. Nendeni kwa chifu mpate barua kwamba mtoto wa kadi ya kliniki na mtoto wa nyumbani ni mmoja. Mwende mahakamani hapo hapo mjini mkaape kiapo cha jina, hawali watu, Diba atajua dirisha gani. Mchukue kadi ya zamani, msiifiche wala msiichane, hiyo ndiyo ushahidi wenu. Abiba mwende naye, na safari hii hata kama ana malaria mngojeni. Mfike kwa mwalimu mkuu mkiwa na kila kitu mkononi, mara tu ofisi zikifunguliwa baada ya hiyo Jumamosi, msingoje siku ya mwisho.

Na mtoto aulizwe. Miaka minane ameitikia Roba, wenzake wanamjua Roba, amepata alama zake zote akiwa Roba. Msimvue jina hilo kama shati chafu. Mvua ile ndiyo iliyoleta nyasi juu ya kaburi la babu yake, na ndiyo iliyowafanya ninyi wengine mkaishi. Akitaka abaki nalo, liandikwe la pili, baada ya la mzee na kabla ya la baba. Fomu ina nafasi. Lakini kabla ya kumuuliza hayo, mwombe msamaha. Kwa mdomo. Neno hilo hujakatazwa kulitamka.

Na ile maana ya jina usiyoijua, tangu uolewe. Muulize Akko siku hiyo hiyo. Hutalazimika kulitaja, na yeye hatalazimika, mtakuwa mnajua wote wawili mnaongea juu ya nini. Mimi kidogo nijaribu kubahatisha hapa, nikajizuia. Si yangu kukuambia.

Mwisho umeniuliza kama kuandika ni kutaja. Mimi si mzee wa Kiborana wa kukukatia hukumu, hilo pia mpelekee Akko. Lakini nitakuambia nilichokiona. Kurasa nne za barua yako umezijaza mzee, baba mkwe, jina la babu, ukizunguka zunguka. Halafu chini kabisa, baada ya kumaliza, baada hata ya kuweka sahihi, ukaliandika. Herufi zimesimama wima, hukukata, hukufuta, na wino umekolea kuliko mahali pengine popote. Waliofundisha adabu hii walikuwa wanalinda ulimi. Mkono wako ulipojifunza kusoma na kuandika ukiwa mtu mzima, na watoto wako wakikucheka pengine, ulipata kitu ambacho siku ile kliniki hukuwa nacho.

Kipande hicho cha chini nimekikata na mkasi, nimekirudisha kwako kwa posta, kwa anwani uliyonipa, kwenye bahasha iliyofungwa. Jina lililo humo ni lenyewe. Akko akikubali, kiweke ndani ya leso yako uende nacho shuleni. Abiba atakuwepo kando yako wa kulisema. Lakini mwalimu mkuu akikuangalia wewe, akakuuliza wewe mama mtu, mtoto anaitwa nani, usinyamaze na usiitikie kwa kichwa. Fungua leso, mpe karatasi.